Mshauri Anajibu: Fikra Zinazojifanya Ushahidi

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mtu afanye nini anapogundua kwamba kinachomtesa zaidi si tukio lenyewe bali namna yake ya kulifikiria, namna ambayo imekwisha kuwa mazoea. Nimechagua barua nne. Baadhi nimezifupisha, na majina yote yameachwa ili kulinda siri za wenyewe. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa kuwa imebeba maswali ya wengi. Wenzake watatu nawaomba radhi.

Tiki zimegeuka bluu, jibu halikuja

*Shikamoo Bibi Mshauri. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga, nina umri wa miaka 29. Mwezi uliopita nilimwandikia mkuu wa shule ujumbe wa WhatsApp kumwomba ruhusa ya siku mbili nikamuuguze mama. Nikaona tiki zimegeuka bluu, lakini jibu halikuja. Usiku ule sikupata usingizi. Niliwaza kwamba amekasirika, kwamba matokeo ya kidato cha pili katika somo langu yamemchosha, kwamba pengine jina langu limeshapelekwa wilayani ili nihamishwe. Asubuhi nilipoiona pikipiki yake nilipita upande wa jikoni nisikutane naye. Jibu lilikuja mchana: "Sawa." Badala ya kufurahi nikaanza kujiuliza kwa nini ameandika sawa tupu. Si mara ya kwanza. Hata walimu wenzangu wakicheka ofisini huhisi wananicheka mimi. Rafiki yangu ananishauri niwaze mazuri tu. Nimejaribu, hayakai. Je, Bibi, hii ni tabia inayoweza kubadilika, au ndivyo nilivyoumbwa?*
*– Mwalimu, Tanga*

Marahaba mwanangu, na mama namwombea afueni. Nianze na swali lako la mwisho: ndiyo, inabadilika, ingawa haibadiliki kwa kuambiwa "acha" wala kwa kuwaza mazuri, na nitaeleza kwa nini.

Isome tena barua yako polepole, utaona kwamba mambo uliyoyashuhudia kwa macho ni machache sana: ujumbe umesomwa, jibu limechelewa, kisha limekuja neno moja. Hasira ya mkuu, matokeo ya kidato cha pili na jina kupelekwa wilayani umeyaongeza wewe, tena kwa kasi kubwa kiasi kwamba hukuhisi kuwa unaongeza kitu. Ulihisi kuwa unaona. Kwa hiyo usiku ule hukukeshwa na ujumbe usiojibiwa. Ulikeshwa na hadithi uliyoitunga juu ya ujumbe huo na kuiamini kabla hujaisoma.

Daktari Aaron Beck, bingwa wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, Marekani, alianza kulichunguza jambo hili katika miaka ya 1960. Alikuwa amefundishwa kwamba huzuni na hofu za wagonjwa hutoka katika mambo yaliyozikwa ndani kabisa ya nafsi, ambayo huhitaji miaka kufukuliwa. Mgonjwa wake mmoja, mwanamke, alikuwa akimsimulia mambo yake ya faragha huku akionekana kutaabika, naye Beck akadhani ni mambo yale yenyewe yanayomtia hofu. Mgonjwa akamweleza kwamba sivyo: muda wote alikuwa akiwaza kwamba anamchosha daktari. Chini ya maneno aliyokuwa akiyatamka palikuwa na mkondo wa pili wa fikra za haraka na fupi, zinazokuja bila kuitwa na kupita bila kuhojiwa, na hizo ndizo zilizokuwa zikimtesa. Beck alipowauliza wagonjwa wengine akakuta nao wanazo, na kutokana na uchunguzi huo akajenga tiba ambayo leo hutumika katika nchi nyingi duniani. Angalia, mwanangu, kwamba mwanamke yule alikuwa na tabia yako hasa: alijua, bila kuambiwa, mwenzake anawaza nini.

Wataalamu waliomfuata wameziorodhesha tabia hizi za fikra, na orodha yenyewe, kwa maoni yangu, imekuwa ndefu kuliko inavyohitajika. Wewe una mbili kubwa, na ukizijua hizo zinakutosha. Ya kwanza ni hiyo ya kujifanya mjuzi wa yaliyomo mioyoni mwa watu. Ya pili ni kurukia balaa: kutoka ujumbe usiojibiwa hadi barua ya uhamisho kuna hatua nne au tano, na kila moja ingepaswa kutokea kwanza ndipo inayofuata iwezekane, nawe ukazipita zote kabla ya usiku wa manane.

Rafiki yako anakutakia mema, lakini dawa yake haifai. Ukijiambia kwamba mkuu anakuthamini kuliko walimu wote, akili yako inajua kwamba hilo nalo huna ushahidi nalo, kwa hiyo inalitema. Umeacha dhana moja isiyo na msingi ukashika nyingine isiyo na msingi, tofauti ni utamu tu. Tunachokitafuta ni fikra ya kweli, na mara nyingi fikra ya kweli haina utamu wala uchungu: "Amesoma, hajajibu, sijui kwa nini." Kusema "sijui" kisha ukalala ni kazi ngumu kuliko kuwaza mazuri, na ndiyo kazi ninayokupa.

Tafuta daftari dogo linaloingia kwenye mkoba. Moyo unapoanza kwenda mbio, andika papo hapo, kwa sababu ukisubiri jioni utakuwa umekwisha kuyasahau maneno yenyewe. Andika kilichotokea kama ambavyo kamera ingekinasa, bila hasira ya mtu wala nia ya mtu, maana kamera haioni nia. Andika fikra kwa maneno yale yale yaliyopita kichwani, hata yakiwa ya kitoto. Kando yake weka kiasi unachoiamini kati ya 0 na 100. Kisha andika kila sababu nyingine inayoweza kulieleza tukio hilohilo. Kwa mfano wako: mkuu alikuwa kwenye kikao, akafungua simu chini ya meza na kuifunga, alisoma akiwa njiani akasema atajibu akifika, akasahau, kama wewe mwenyewe unavyosahau, alitaka kwanza kujua nani atashika vipindi vyako. Hiyo ya mwisho naiona kuwa ya karibu zaidi, maana ni wakuu wachache wanaotoa ruhusa ya siku mbili bila kutazama ratiba. Usijilazimishe kuiamini mojawapo. Kazi ni kuziweka zote kwenye ukurasa mmoja na ile ya kwanza, kisha kuipima tena ile ya kwanza. Ikishuka kutoka 90 hadi 60 umefanya kazi kubwa. Usiidai ifike sifuri.

Sasa nije kwenye sentensi ambayo huenda uliiandika kama jambo dogo: kwamba ulipita upande wa jikoni. Mimi naiona kuwa ndiyo sentensi muhimu kuliko zote katika barua yako, kwa sababu hapo ndipo tabia hii inapolishwa. Kama ungepita mbele na kumwamkia, pengine angekuuliza hali ya mama, na hadithi ya usiku kucha ingekufa palepale. Kwa kumkwepa ulijinyima ushahidi pekee ambao ungeweza kukusaidia, ukarudi ofisini ukiamini kwamba umenusurika na jambo ambalo huenda halikuwepo. Mtu anaweza kubishana na fikra zake mwaka mzima asizishinde, ilhali matokeo yaliyoonekana kwa macho huzitikisa kwa wiki chache. Kwa hiyo safari ijayo, kabla hujatoka nyumbani, andika unachokitabiri kwa namna inayoweza kuhakikiwa: "Nikimwamkia atanijibu kwa mkato na hataniangalia usoni." Halafu nenda kamwamkie, na ukirudi uandike alichofanya. Fanya vivyo hivyo kwa kicheko cha ofisini: badala ya kuinamia madaftari ya wanafunzi, uliza, "Mnacheka nini, nami nicheke?" Baada ya muda utakuwa na orodha ya utabiri upande mmoja na matokeo upande wa pili, kwa mwandiko wako mwenyewe, na hutahitaji mimi wala rafiki yako wa kukushawishi.

Utauliza: na utabiri ukitimia je? Inawezekana kabisa kwamba mkuu hakuridhishwa na matokeo ya kidato cha pili. Ikiwa ni hivyo, hiyo si fikra mbaya ya kubadilishwa, ni tatizo la kazi la kutatuliwa, na litatuliwe kama matatizo mengine ya kazi: omba nafasi, uliza kinachotarajiwa, panga vipindi vya marudio. Watu wengi huichukua elimu hii vibaya na kudhani kwamba kila wazo linalouma ni la uongo. Mengine yanauma kwa sababu ni ya kweli, na faida ya daftari ni kwamba linatenganisha haya na yale.

Kuhusu kuumbwa hivyo, huenda umezaliwa na moyo mwepesi wa kushtuka, na hilo sitalipinga. Lakini njia ambayo mshtuko hugeuka kuwa hadithi hufunzwa, na kilichofunzwa hufunzika upya. Tiba ya Beck kwa kawaida huchukua vikao 12 hadi 20, tena pamoja na kazi za kufanya nyumbani kati ya kikao na kikao, haichukui miaka. Wala si jambo la wenye fedha wa ng'ambo peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwahusu watoto 640 waliofiwa na wazazi, wa Moshi na wa Bungoma huko Kenya, ambao walipewa msaada wa jamii hii ya tiba, ikiwa ni pamoja na kuzikosoa fikra kama ile ya mtoto kujiona yeye ndiye chanzo cha kifo cha mzazi. Waliowahudumia hawakuwa madaktari; walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Katika maeneo matatu kati ya manne, tiba ilipomalizika, watoto hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida.

Udhu unarudiwa mpaka jamaa inamalizika

*Assalaam aleikum, Bi Mshauri. Mimi ni baba wa watoto wanne, naishi Mombasa. Uliwahi kuandika kwamba fikra zipimwe kwa ushahidi. Nami nimejaribu, lakini naona nazidi kuzama. Nikitawadha huingiwa na shaka kwamba sehemu ya kiwiko haikupata maji, narudia, na nikimaliza shaka inahamia mguuni, hata mara nyingine swala ya jamaa inaisha mimi niko bombani. Usiku huamka kuhakikisha mtungi wa gesi umefungwa, nikarudi kitandani, nikaamka tena. Mke wangu siku hizi ananiapia kwamba ameufunga. Nikitafuta ushahidi naupata, lakini hautoshi.*
*– Baba wa Wanne, Mombasa*

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Umelisema mwenyewe: ushahidi unaupata, lakini hautoshi. Ushauri niliompa mwalimu wa Tanga hapo juu, na niliouandika zamani, haukufai wewe, na natamani usiufuate. Mwalimu yule anakwepa ushahidi, kwa hiyo namtuma akautafute. Wewe unautafuta kupita kiasi, na kila unapoupata unaonja nafuu ya dakika moja ambayo inaifundisha akili kwamba shaka ilistahili kusikilizwa. Kesho inarudi na madai makubwa zaidi.

Hali hii ina historia ndefu katika elimu ya Waislamu wenyewe. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyetoka Balkh, katika Afghanistan ya leo, na kufariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na nafsi, na ndani yake aliyagawa maradhi ya nafsi katika makundi manne: hasira, hofu, huzuni na wasiwasi wa namna hii yako. Alishauri pia kwamba mtu aziandae fikra njema wakati akiwa mtulivu, azitunze kama watu wanavyotunza dawa nyumbani, ili zimfae siku ya taabu. Mafakihi nao wana kanuni mashuhuri kwamba yakini haiondolewi na shaka. Umeosha kiwiko, hiyo ni yakini. Shaka iliyokuja baadaye haina mamlaka ya kukurudisha bombani. Sikufundishi dini yako, na ni vyema umuulize sheikh unayemwamini, akupe jibu moja ulishike, usije ukageuza kuuliza masheikh kuwa wasiwasi mwingine.

Katika hospitali, tiba iliyothibitika zaidi kwa hali hii ilianza na Victor Meyer, mwanasaikolojia wa London, aliyechapisha taarifa yake mwaka 1966. Hakubishana na wagonjwa wake. Aliwakabilisha na kile wanachokiogopa na kuwazuia wasifanye kile kinachowapa nafuu. Hofu hupanda, hukaa, kisha hushuka yenyewe bila kuoshwa wala kukaguliwa, na mtu akishaiona ikishuka mara nyingi huacha kuitii. Kwako wewe ningeanza na mtungi, maana ni mwepesi kuliko udhu: ufunge mara moja, kwa makusudi, ukiutazama mkono wako unavyozungusha, kisha uende ulale na shaka yako. Itakusumbua. Iache ikusumbue. Mke wako naye aache kukuapia, kwa upole na kwa makubaliano yenu, kwa sababu kiapo chake kimekuwa sehemu ya ugonjwa, akubali kusema tu, "Tulikubaliana nisijibu hilo."

Mkishafika kwenye udhu, toka bombani. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo kisichofika lita moja. Jaza kopo la kiasi hicho, na maji yakiisha udhu umekwisha, uende msikitini ukiwa na mashaka yako hivyohivyo. Nakuomba pia umwone daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia anayeijua tiba hii, kwa sababu hatua zake hupangwa kutoka nyepesi hadi nzito na ni vigumu kuzipanga peke yako. Zipo pia dawa zinazosaidia, na kuzitumia hakupunguzi imani ya mtu.

Kila ninachokigusa kinaharibika

*Bibi, salaam. Nina miaka 43, nina fremu ya vitenge na mashuka Kariakoo. Mwaka juzi nilimkopesha ndugu mtaji, hakurudisha. Mwaka jana mzigo ulichelewa kutoka bandarini, msimu ukapita, nikauza kwa hasara. Mwaka huu mwenye nyumba ameongeza kodi ya fremu. Nimekaa nikaona kwamba mimi nina nuksi, kila ninachokigusa kinaharibika. Nilikuwa nafungua saa moja asubuhi, sasa nafungua saa nne, mara nyingine sifungui. Silali vizuri, chakula hakina ladha. Nimekwenda kwa watu wa kunitoa nuksi, nimelipa, hali ni ileile.*
*– Mfanyabiashara, Dar es Salaam*

Ndugu yangu, pole. Sitakwambia kwamba hasara zako ziko kichwani. Deni halikulipwa, mzigo ulichelewa, kodi imepanda. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeumia. Ninalotaka kuligusa ni hatua ndogo uliyoipiga baada ya hapo, kutoka "nimepata hasara mara tatu" hadi "mimi ni mtu wa nuksi". Ya kwanza ni hesabu. Ya pili ni hukumu juu ya nafsi nzima, tena hukumu isiyo na rufaa, maana mtu wa nuksi hana sababu ya kufungua duka saa moja. Matokeo yake unayaona: wateja wa asubuhi wameshapita kwa jirani, mauzo yameshuka, na kushuka huko unakuhesabu kuwa ushahidi mpya wa nuksi.

Lete daftari lako la mauzo la miaka mitatu, siyo kumbukumbu zako, kwa sababu mtu mwenye huzuni hukumbuka upande mmoja. Pitia mwezi kwa mwezi na uweke alama kwenye miezi uliyopata faida. Sijui utakuta ngapi, lakini neno "kila" litaanza kukupa shida kulitetea. Kisha chukua karatasi nyingine, uandike hasara ya mzigo, na chini yake uorodheshe kila kilichochangia: meli, foleni ya forodha, wakala, tarehe uliyoagiza, bei ya soko. Mpe kila mmoja fungu lake katika mia, na jina lako uliandike mwisho, baada ya kuwagawia wengine wote. Ukijianza wewe utachukua mia nzima. Fungu litakalobaki kwako, labda kumi, labda ishirini, ulishike kwa uzito wake: pengine uliagiza kwa kuchelewa, na mwaka ujao utaagiza mapema. Kosa la aina hiyo lina dawa, nuksi haina.

Kuanzia kesho, fungua saa moja. Usisubiri moyo upende kwanza. Katika hali yako moyo hufuata miguu, ukiungoja utangulie utangoja sana. Na lile la kodi mlikalie kikao na mtu anayejua biashara: kuhamia fremu ndogo, kugawana fremu na mwenzako, au kuzungumza na mwenye nyumba juu ya kulipa kwa awamu. Huko Harare, Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 huduma ya akina bibi waliofundishwa kukaa na wenye dhiki kwenye benchi nje ya zahanati, na kazi yao kubwa ni hiyohiyo: kumsikiliza mtu, kumsaidia achague tatizo moja kati ya mengi, na kupanga naye hatua moja inayowezekana wiki hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa walipata nafuu kubwa kuliko wale waliopata huduma za kawaida, jambo ambalo mimi, kwa kuwa ni bibi, siwezi kuficha kwamba lilinifurahisha.

Hata hivyo, kukosa usingizi, kukosa ladha ya chakula na kushindwa kutoka nyumbani, yakiendelea pamoja kwa wiki mbili au zaidi, hayaitwi tena tabia ya kufikiri. Inaweza kuwa sonona, nayo ni ugonjwa unaotibika. Uko Dar es Salaam, na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili. Nenda. Na ikiwa umepata kuwaza kwamba ni heri usingekuwepo, mwambie mtu wa nyumbani leo hii na uende leo, usingoje toleo lijalo.

Nikijizuia nisiwaze, nawaza zaidi

*Bibi, naitafuta kazi Nairobi tangu nimalize chuo. Usiku nawaza mahojiano niliyoyashindwa, neno kwa neno. Najilazimisha nisiwaze, na ndipo yanapokuja kwa wingi. Kuna njia ya kuyafunga?*
*– Kijana, Nairobi*

Mjukuu wangu, hakuna, na kujaribu kuyafunga ndiko kunakoyaita. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake huko Marekani waliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na wapige kengele kila anapowajia. Kengele zililia. Waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wenzao ambao hawakuwa wamekatazwa. Sababu yake haina ajabu: ili kuhakikisha humfikirii, lazima sehemu ya akili iendelee kumtafuta.

Yape mawazo hayo saa yake. Thomas Borkovec na wenzake waliieleza njia hii mwaka 1983, na ni rahisi. Chagua nusu saa moja kila siku, mahali palepale, kwa ajili ya kuwaza mahojiano. Yakikujia nje ya muda huo, andika neno moja la kukumbushia kwenye simu au karatasi, ujiambie kwamba utayashughulikia saa kumi na moja jioni, urudi kwenye ulichokuwa ukikifanya. Hujayakataza, umeyaahirisha, na akili hukubali kuahirishiwa kwa wepesi kuliko kukatazwa. Saa ikifika, kaa, chukua kalamu, na kwa kila wazo jiulize swali moja: kuna kitu ninachoweza kufanya juu ya hili kabla ya mahojiano yajayo? Kama kipo, kama vile kulifanyia mazoezi jibu la swali lililokushinda mbele ya rafiki, kipangie siku. Kama hakipo, liandike hivyohivyo na upite. Nusu saa ikiisha, inuka hata kama hujamaliza. Mengine ni ya kesho.

Muda huo usiuweke baada ya chakula cha usiku, na usikae kitandani, kwa sababu kitanda chako kimekwisha kuzoea kuwa mahali pa kuwazia. Ukikesha bila usingizi, ondoka kitandani ukakae penye mwanga hafifu, ufanye jambo la kuchosha kidogo kama kukunja nguo, na urudi macho yanapokuwa mazito. Simu iache chumba kingine, au kama unaishi chumba kimoja, ndani ya begi lililofungwa zipu.